Shingo Niachie Mimi

Machi 6

Mvua imeanza leo mchana, haikupiga hata hodi. Jioni mke wangu akapigiwa simu kwamba paa la nyumba ya baba yake limeng'olewa na upepo, nusu yake imelala kwa jirani. Mzee mwenyewe ni mzima. Atakuja kukaa kwetu mpaka paa lirudi. Nimesema karibu. Ningesema nini?

Machi 8

Amefika. Begi la nguo alinipa nimpokee, ila kamkoba kadogo ka ngozi alikakumbatia mwenyewe mpaka chumbani.

Humu naweza kusema ukweli: namwogopa baba mkwe wangu. Siku nilipopeleka posa aliitazama mikono yangu, ilikuwa na gundi iliyogoma kutoka, akauliza mbele ya wazee wote kama binti yake anaolewa na mtu au na kochi. Mimi ni fundi wa makochi. Watu walicheka, na mimi nikacheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha kuazima. Ni mwaka wa sita sasa na hatujapata mtoto. Kila akipiga simu huzungumza na bintiye, halafu salamu zangu zinapitia kwake, kama kifurushi.

Machi 9

Mvua.

Machi 11

Leo nimefedheheka. Mlango wa bafu letu haufungi vizuri tangu kitasa kilipokufa. Nilikuwa mbele ya kioo, taulo kiunoni, najinyoa kwa mashine yangu ya kila siku, ile ya kufungia wembe mwembamba ndani, mlango ukasukumwa. Baba mkwe. Naye kwa taulo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mkwe mwingine angegeuka mbio, lakini yeye alisimama, akaangalia ninavyoiburuza mashine juu na chini, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyefika msibani kwamba ameona watu wengi wakimenya viazi, ila hajaona kiazi kikijimenya chenyewe. Akafunga mlango.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Machi 12

Nimejitazama vizuri. Shingo yangu imejaa vipele vya wembe, vingine vina usaha. Miaka yote nimeamini ndivyo ngozi yangu ilivyo.

Machi 15

Mzee alikuwa kinyozi tangu ujanani. Duka lake lilikuwa karibu na stesheni ya reli, na mpaka alipolifunga hakuwahi kushika mashine, alinyoa kwa wembe wa kukunja tu. Leo baada ya chai ameniita uani, akafungua ule mkoba. Wembe wenyewe umo ndani: mpini mweusi, bapa limeliwa na kunolewa mpaka limekuwa jembamba kama mwezi mchanga. Pamoja nao kuna brashi ya povu, mkanda mpana wa ngozi na kipande cha shabu cha kuzuia damu.

Aliniuliza kama nataka kujifunza. Nilishtuka kiasi kwamba nilijibu ndiyo kabla sijafikiri. Tangu nimwoe binti yake, hili ndilo jambo la kwanza kuniuliza.

Machi 18

Najifunza kunoa. Mkanda unafungwa kwenye komeo la dirisha, unavutwa ukaze, wembe unapita juu yake ukitanguliza mgongo. Ukitanguliza makali, umekata mkanda. Nimeukata. Mzee aliutazama ule mkato muda mrefu, akameza kitu alichotaka kusema.

Machi 19

Amenipa puto. Nalipaka povu, nalinyoa, lisipasuke. La kwanza lilipasuka, povu likamrukia usoni. La pili pia. Mke wangu ametukuta uani, baba yake na ndevu za povu, mimi na kipande cha mpira mkononi. Kwa mara ya kwanza nimeona meno ya mzee.

Machi 21

Puto limepona.

Machi 24

Shavu langu la kulia. Kitambaa cha maji moto kwanza, halafu povu, halafu vidole vya mkono wa pili vinaivuta ngozi mpaka ikaze kama kitambaa kwenye fremu ya kochi. Hapo nikaelewa. Mimi kazi ya kukaza naijua. Kwa mashine sikuwahi kujishika uso, niliiacha tu ijipitie. Kwa wembe huu mikono yote miwili iko kazini, na huwezi kuwaza jambo jingine.

Nilijikata chini ya sikio. Nilishtushwa na wingi wa damu kwa kidonda kidogo vile. Mzee akabandika shabu, akasema ngozi haikasiriki, inakumbusha.

Machi 29

Mashavu yote mawili, bila damu. Nilitaka kushuka shingoni, mzee akanishika kifundo cha mkono.

"Shingo niachie mimi," alisema. "Ya mtu mwenyewe ndiyo ya mwisho kujifunza."

Basi kila baada ya siku mbili mimi ninyoe mashavu, yeye amalizie shingo. Nimempenda kidogo leo. Nimeandika ili nikumbuke.

Aprili 2

Siku mbaya. Nilimaliza mashavu, nikaegemeza kichwa ukutani, mzee akaanza shingo. Upande wa kushoto ulienda vizuri. Alipohamia kati, vidole vyake vikasimama. Akaniambia nimeze mate. Nikameza. Akaniambia tena. Halafu akaufuta wembe, akaukunja, akasema mkono umechoka, akaingia ndani.

Nusu shingo ina povu! Nilimngoja kama mjinga. Mashine yangu haikuwa na wembe mpya, nikanawa nikaenda kazini hivyo hivyo, upande mmoja laini, upande mmoja msitu. Fundi viatu wa mlango wa pili aliuliza kama umeme ulikatika katikati.

Nimewaza siku nzima nimemkosea nini.

Aprili 4

Mzee amesema, "Njoo nikumalizie shingo." Nimemwambia asante, nitajinyoa mwenyewe. Nimenunua nyembe mpya za mashine. Vipele vimerudi kama wageni waliosahau mwavuli.

Aprili 6

Ameniita tena. Nimekataa tena. Hakukasirika. Hilo ndilo limenitisha.

Aprili 7

Mvua imeingia karakana, sponji mbili zimelowa.

Aprili 9

Nilirudi mapema kwa sababu ya mvua. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo na kelele za bati zilifunika hatua zangu. Mzee alikuwa anaongea na mke wangu kwa sauti ya chini. Nilisikia "shingo yake". Nilisikia mke wangu akisema, "Baba, hapana, akijua atakimbia." Na mzee akasema, "Ndiyo maana asijue kwanza. Akilala. Wewe ndiye anayekuamini."

Nilirudi nje, nikasimama mvuani mpaka nikalowa chapachapa, kisha nikaingia kwa kelele kama mtu anayefika sasa hivi. Mke wangu alinipa taulo.

Nimejiambia mambo ya wakwe ni mengi, shingo zipo za kuku pia.

Aprili 12

Leo Jumapili. Baada ya kula nilijilaza kwenye kochi la sebuleni, lile nililolitengeneza mwenyewe tulipooana, na usingizi ukanichukua. Nikaota nimevaa shati lenye kola ya kubana. Nikafumbua macho. Vidole vya mke wangu vilikuwa kooni kwangu, vinabonyeza. Na nyuma yake, mlangoni, baba yake amesimama, anatazama, ule mkoba wa ngozi uko mkononi.

Niliruka mpaka meza ikapinduka. Nilimuuliza mke wangu anafanya nini. Akasema kulikuwa na mdudu. Mke wangu hajui kudanganya, akidanganya masikio yanamwiva. Nilimgeukia mzee, nikamuuliza na yeye kama alikuja kumtazama mdudu. Akasema, "Kaa chini, mkwe, tuongee." Sikukaa. Mtu mwenye wembe akikuambia kaa chini?

Nimeondoka na mvua hivyo hivyo. Naandika hapa karakana, nimejifunika kitambaa cha kochi la mteja. Sijui nilichokiona. Ninachojua ni kwamba mzee huyu hakunitaka tangu mwanzo, kwamba binti yake hajazaa kwangu, na kwamba wawili hawa wamepanga jambo linalohusu shingo yangu nikiwa usingizini. Ukiliandika linaonekana wazimu. Ukilikumbuka halionekani wazimu hata kidogo.

Aprili 13

Nilirudi nyumbani wote wakiwa wametoka, nikauchukua wembe, nikaja nao karakana, nikaushonea ndani ya mto wa kochi. Naona haya kuandika.

Aprili 14

Nimelala nyumbani, ukingoni mwa kitanda. Mke wangu analia kimya akidhani sisikii. Mzee amefungua mkoba wake, ameona pengo, ameufunga.

Aprili 15

Nitaandika yote, kama yalivyokuwa.

Mchana mvua ilikuwa ya kupofusha. Nilikuwa napiga misumari kwenye fremu, mzee akaingia karakana, amelowa kama kuku, kofia inachuruzika. Alikuwa amekuja kwa miguu. Nilibaki na nyundo mkononi. Akaitazama nyundo, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, chini yangu, mahali ambapo mtu mwenye nia mbaya hakai.

Akasema, "Una kitu shingoni."

Nikamuuliza kitu gani.

Alieleza taratibu. Siku ile aliponinyoa, alipoivuta ngozi, kidole chake kilipita juu ya kitu kigumu, kama kokwa dogo, chini kidogo ya koromeo. Nilipomeza, kilipanda na kushuka. Alisema alinyoa shingo za watu maisha yake yote na anajua shingo inavyopaswa kuwa. Lakini vidole vyake sasa vina ganzi, mara nyingine havihisi hata vifungo vya shati, kwa hiyo hakujiamini. Alitaka kunishika tena ahakikishe, ndiyo sababu alikuwa ananiita. Nilipokataa, akamwomba bintiye anishike nikiwa nimelala.

"Kwa nini hukuniambia siku ile ile?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nadhani? Mtu humpi mwenzio hofu ya kubahatisha. Ukimpa, hawezi kukurudishia."

Kisha akainuka, akaniomba ruhusa, kweli aliomba ruhusa, akaushika mkono wangu na kunyoosha vidole vyangu viwili, akavipeleka mwenyewe. Nikameza. Kipo. Kiko pale, kinapanda na kushuka. Nimeishi nacho sijui tangu lini, nikiburuza mashine juu yake kila asubuhi.

Nyundo ilianguka. Sikusikia ikianguka, niliiona tu iko chini.

Mzee akasema bintiye amekihisi pia, na kwamba tangu Jumapili hajalala. Halafu, bila kubadilisha sauti, akauliza, "Wembe wangu umeuweka wapi?" Nikachukua mkasi, nikafumua mto wa kochi. Alipoona nilikoushonea alifumba macho, mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Nami nikacheka, kisha sikuweza kuacha, kisha hakikuwa kicheko tena, na mzee akanishika kichwa akakiweka begani kwake, koti likiwa limelowa.

Aprili 17

Hospitali. Watu ni wengi. Daktari, mama mwenye miwani na maneno machache, amenipapasa, amenipima kwa kile kifaa cha kuonea ndani, ametoa maji ya uvimbe kwa sindano. Sindano ya shingoni! Mke wangu alinishika mkono huu, mzee ule. Nesi aliuliza huyu mzee ni nani, ndugu mmoja tu ndiye anayeruhusiwa. Mzee hakuachia.

Aprili 20

Tunasubiri. Nimemwomba mke wangu msamaha. Aliniuliza kama kweli niliwaza angenikaba. Nikasema sikuwa na hakika. Alinipiga kofi la bega, kisha akalala kifuani kwangu akisikiliza moyo kama anauhesabu.

Aprili 23

Mvua. Kochi la mteja limekamilika. Sijanyoa.

Aprili 28

Daktari amesema chembe walizoziona hazimpendezi. Neno ni hilo hilo, hazimpendezi. Tezi ya shingoni itolewe, kisha ndipo watajua kwa hakika. Akaongeza kwamba mshipa wa sauti unapita jirani kabisa, na ingawa watakuwa waangalifu, wapo watu ambao huamka na sauti nyingine.

Nilishangaa kwamba mzee, ambaye hupenda kubisha hata na redio, hakubisha. Njiani aliniambia niseme maneno yangu muhimu kabla. Kisha akaona jinsi yalivyosikika, akaniomba radhi kutwa nzima.

Mei 10

Kesho naingia. Nesi alisema shingo iwe safi. Mzee amechemsha maji, amenoa, amenikalisha uani. Mvua ilikuwa imetulia, matone yanadondoka tu kutoka batini.

Mkono wake mwepesi. Ganzi au si ganzi, sikuhisi makali, nilihisi pumzi yake tu. Alipofika mahali penyewe alipitisha wembe polepole sana. Nikamuuliza, kwa kuwa sijui kesho nitakuwa na sauti gani, kama kweli hakunipenda.

"Sikukupenda," alisema. Hakuuondoa wembe. "Nilitaka mtu mwenye kiti ofisini. Nilijiambia nitakupenda siku utakayonipa mjukuu. Mjukuu hakuja, nikapata kisingizio."

Sikuweza kutingisha kichwa, wembe uko kooni.

"Na sasa?"

"Sasa sina muda wa kutokukupenda."

Akanifuta povu. Akanipaka shabu ingawa hakunikata popote.

Mei 12

Nimeamka. Koo linawaka. Naandika kwa sababu siwezi kusema. Nilijaribu kumwita mke wangu ikatoka hewa tupu, kama bomba lisilo na maji. Nilimwona mzee akigeukia dirisha.

Mei 13

Hewa.

Mei 15

Leo imetoka sauti. Si yangu. Nzito, inakwaruza, kama mtu anavuta kabati. Nilisema "maji". Mke wangu alitazama nyuma kuona nani ameingia.

Mei 27

Majibu.

Tulikuwa watatu mbele ya meza ya daktari. Alisema ilikuwa saratani. Alilisema neno bila kulizungusha. Nilisikia sikio langu moja likiziba. Kisha akaendelea, na nilimwomba arudie kwa sababu sikuwa pale: ilikuwa bado ndani ya tezi, haikutoka, wameitoa yote. Nitameza kidonge kila asubuhi maisha yangu yote, nitarudi kupimwa, na yeye anategemea nizeeke.

Mke wangu aliuliza maswali, akayaandika. Mimi nilitazama karatasi. Tulipofika mwisho wa korido mzee hakuwepo nyuma yetu. Tuliporudi tukamkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kofia usoni, analia kwa sauti. Kwikwi za mtoto. Watu waliokuwa kwenye foleni walisogeza miguu. Mama mmoja alimpa mke wangu pole, akidhani tumefiwa.

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa daktari. Nilichuchumaa nikamwambia, "Baba, nimepona." Akasema amesikia. Akasema ndiyo sababu. Akasema siku ile vidole vilipogusa alianza kunizika, kila siku kidogo kidogo, na sasa hajui aweke wapi alichokwisha kuchimba.

Tulikaa naye sakafuni, wote watatu, mpaka mfagizi akatuomba tumpishe.

Juni 4

Mvua imekata. Paa limerudi, mzee ameondoka asubuhi. Ameondoka na wembe wake. Nilitegemea, niseme kweli, angeniachia. Akasema wembe ni kama mswaki, mtu haachiwi, na kwamba fundi anayekata mkanda wa mwenzake anunue wa kwake.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Juni 11

Nimenunua wembe wangu kwa muuza vyombo vya vinyozi. Mashine nimeitupa. Mke wangu ameitoa kwenye pipa, anasema itafaa kuondolea nyuzi kwenye masweta.

Juni 21

Daktari ameruhusu. Nimeanza na mashavu. Halafu nimeivuta ngozi ya shingo, juu ya kovu, chini ya kovu, na nikashuka mwenyewe, polepole, bila mtu. Kovu ni jekundu bado, linapita kama mshono. Nimepapasa kila mahali kabla na baada. Ngozi tu, na mapigo.

Nikampigia simu. Ni mara ya kwanza mimi kumpigia yeye, si kupitia kwa mtu. Akapokea, nikamwamkia. Sauti hii bado hajaizoea kwenye simu.

"Nani mwenzangu?"

"Mwanao," nikasema.

Nikasikia upande wa pili kuku, na mlango, na mtu akijisafisha koo.

"Umejikata?"

"Kidogo. Chini ya kidevu."

"Shingoni?"

"Shingoni hapana."

"Haya," alisema. "Sasa mpe simu mwenzio, salamu zako nimekupa mwenyewe, na zake nitampa mwenyewe."